Mwanakondoo Aliyevaa Koti

Kanisa liliponipa kazi ya kudarizi Mwanakondoo wa Mungu kwenye kitambaa cha altare, sikukurupuka. Nilipima mara tatu, nikachora kwa chaki, kisha nikatafuta kondoo wa kumwiga. Mtaani kwetu hakuna. Nikamtumia mbwa wa jirani, maana anajua kulala akatulia. Miguu minne ni miguu minne, nikajiambia. Sufu nitamwongezea mwishoni.

Nikamwongezea kweli. Mke wangu akakiinua kitambaa dirishani.

"Baba watoto, huyu kondoo amevaa koti."

"Koti gani?"

"La sufu. Ndani ni mbwa wa jirani. Hebu mpigie mluzi uone kama haji."

Ijumaa nilikipeleka hivyo hivyo. Padri alikodoa macho, akakohoa, akamwita mwenyekiti wa kina mama. Mama yule hana mzaha. Hata ua likiinama kidogo hulitoa altareni. Akikataa, nafumua kazi ya wiki sita, na Jumapili altare inabaki uchi, maana kitambaa cha zamani kimeshachakaa. Nikatia kichwa maji, nikangoja wembe.

Padri alikitandika kitambaa altareni, mama akapiga magoti ili akague mishono kwa karibu. Akakaa. Akakaa sana. Padri akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Mabega ya mama yakaanza kutikisika.

"Anacheka?" padri akaninong'oneza.

"Nadhani analia, padri."

Alikuwa anafanya yote mawili.

"Mama, kuna nini?" padri akauliza.

"Amenitazama."

"Nani?"

"Mbwa."

Nikaingilia. "Mama, yule ni kondoo, ila tu..."

"Fundi, nyamaza. Mbwa nimefuga, nawajua. Miaka thelathini napiga magoti hapa mbele ya yule kondoo wa kitambaa cha zamani, naye anaangalia ukutani kama karani saa ya chakula. Naomba, namaliza, najiendea zangu. Leo nimeinua macho, huyu akanipokea kama nimetoka safari ndefu. Kifua kikajaa moto, nikasahau hata magoti yanauma. Ni kama ananiuliza: ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Padri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lakini mama, waumini watauliza."

"Waulize wakiwa wamepiga magoti."

Akanigeukia. Mkasi wa kufumulia nilikuwa nimeshaushika.

"Weka huo chini. Ila umekosea kitu kimoja."

"Kipi, mama?"

"Mkia umeulaza. Uinue."

Nikatunga uzi palepale. Padri akanishikia kitambaa kisiteleze.