Vipande vya Samaki wa Barafu

Vinafanana mno, Bibi, ndiyo maana vinatupoteza, mjukuu wake Benigna alimjibu hivyo, tena kwa ukali, kana kwamba Bibi Asumpta ndiye aliyemkatakata huyo samaki, na Bibi akawa anayarudia moyoni, vinafanana, vinatupoteza, vidole vinapukuchua mahindi vyenyewe… samaki gani huyo, akae chini ya barafu mwisho wa dunia asigande, na huyu msomi wetu badala ya kumkaanga anasoma maandishi ya ndani ya damu yake, marefu hata mashine haiyawezi kwa mkupuo, yanakatwa vipande, halafu wanatafuta mwisho wa hiki unaofanana na mwanzo wa kile, wanaunga, "miezi minane, Bibi, na bado samaki hajatimia," mtoto kaja likizo kutoka Ulaya kakonda kwa ajili ya kitoweo… lakini kuunga Bibi anakujua, ugomvi wote wa ukoo si huletwa kwake vipande vipande, huyu kaona hiki, yule kasikia kile, naye asiyejua hata a ndiye anayeunga… "Sasa ile dawa yake ya kutoganda imeandikwa mara nyingi, maneno yaleyale, ukikuta vipande viwili vinayo unadhani ni mahali pamoja, unaunga, kumbe ya katikati umeyatupa," umeyatupa, nani katupa, mbona moyo unashtuka, si samaki tu… mlango umefungwa, redio inaimba, hivyo ndivyo binti yake Leticia alivyosema kwenye kikao cha msiba, siku kaka Otto anakufa nilikuta mlango umefungwa, redio inaimba, hakuna hata wa kumpa maji, na jirani Pankrasi akadakia, hata mimi niliona, mlango umefungwa, redio inaimba, mkewe Skolastika huyoo na kitenge kipya anashuka sokoni Majengo, basi yeye Asumpta akaunga palepale, mume anakata roho, mke yuko sokoni, ukoo ukaitikia, Skolastika akafukuzwa msibani, hata udongo hakutupa, mtoto wakamnyang'anya, huyuhuyu Benigna… "Bibi, unanisikia?" nakusikia, mama, endelea… lakini Otto mwanangu, tangu kiwanda chao kibinafsishwe wakampunguza kazini, si alijifungia kila siku, hataki kuonwa, redio kutwa, kila siku, na Pankrasi aliona lini, mbona siku ile alikuwa Mbinga, alirudi Otto keshakufa, Mungu wangu, alirudi keshakufa, basi aliyoyaona ni ya siku nyingine, na Skolastika alilia kwamba alikimbilia misheni kuomba gari la wagonjwa, tukamwita mwongo kwa kuwa neno lake halikuwa na pa kuingia, kumbe pa kuingia nilipaziba mimi… "yaani unaanza upya, Bibi, unabomoa ulichounga," anabomoaje mtu, miaka kumi na moja, mbele ya Leticia, uso atauweka wapi… gunzi bado mkononi, nusu lina punje. "Benigna." "Abee." "Jioni ukienda Msamala kwa mama yako, mwambie zile zilikuwa siku mbili. Usiniulize, yeye atajua. Na asipokuamini, mwambie tena, mwambie ni Asumpta mwenyewe kasema."