Pua ya Mvuke

"Husikii?"

Bhai alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameziba pua kwa leso, macho yamemtoka. Nyuma yake ukumbi mzima wa wateja wa mchana ulikuwa umegeukia jikoni, na wengine walishaanza kunyanyuka kwenye mabenchi.

Mvuke, mpishi wake, aligeuka, mwiko mkononi. "Nasikia, Bhai. Umesema nini?"

"Sijasema kitu! Harufu, bwana! Husikii harufu?"

Ndipo Mvuke alipotazama. Kwenye ukingo wa sufuria kubwa, pale alipobandika unga uliokandwa ili mfuniko usipitishe hewa, moshi mwembamba wa rangi ya kahawia ulikuwa unapenya. Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye sufuria hiyo tangu ilipowekwa motoni. Aliurukia mfuniko kwa mikono mitupu, akaungua viganja, akaubandua. Chini nyama ilikuwa imegeuka mkaa. Juu wali ulikuwa mweupe, mzuri wa kupigwa picha, lakini ulishashiba moshi, na wali ukishashiba moshi hauna mganga.

"Kuna nini humo, mnachoma matairi?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka ukumbini. Wenzake wakacheka. Kicheko hicho kilimchoma Mvuke kuliko mfuniko.

Hoteli ya Bhai haikuwa na makuu. Meza zilikuwa za bati, maji yalikuwa kwenye majagi ya plastiki yaliyokwaruzika, na feni moja ilizunguka kwa kusitasita kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Lakini madereva, mafundi cherehani, manesi na makarani walipanga foleni hadi nje, kwa sababu mtu wa kipato chao hakuwa na mahali pengine pa kula biriani ya namna ile na kubaki na nauli ya kurudia nyumbani. Ukutani, kwa herufi nyekundu, Bhai alikuwa ameandikisha: BIRIANI YA MVUKE.

Jina hilo mpishi wake alilipata kwa haki. Alianza pale kuosha vyombo, enzi za baba yake Bhai, na mzee yule ndiye aliyegundua kwamba kijana wake wa vyombo ana pua. Mvuke hakuwa anafunua sufuria kuangalia kama chakula kimeiva. Aliinamisha kichwa pembeni, akafumba macho, akasema "bado", au akasema "tayari". Hakukosea. Akikwambia tayari, hata kama ulikuwa unagombana na mkeo, ulinyamaza ukachukua sahani.

Kisha ikaja homa. Ilimlaza kitandani mpaka watu wakaanza kuongea kwa kunong'ona mlangoni, halafu ikamwachia. Siku aliyoinuka, mkewe alimletea kahawa, naye akanywa maji ya moto. Akadhani kahawa ni nyepesi. Akanusa sabuni, akanusa samli, akanusa shati lake mwenyewe. Dunia ilikuwa imepigwa deki.

Alimwambia mtu mmoja tu kazini. Huyo alikuwa shemeji yake, mjane wa marehemu mdogo wake, ambaye Mvuke mwenyewe alimtafutia kibarua cha kumenya na kukaanga vitunguu ili asihangaike na watoto. Jikoni walimwita Mama Vitunguu.

"Itarudi tu," alimwambia. "Ila kwa sasa, shemeji, uninusie."

"Nitakunusia, shemeji. Kwani pua ni mali ya kunyimana?"

Basi wakaenda hivyo. Vitunguu vikikaribia kuungua, anakohoa kidogo. Sufuria ikiwa tayari, anapita karibu na kugusa ukingo kwa kitambaa. Hakuna aliyejua. Na jambo la ajabu, sifa zikaongezeka. Dereva mmoja wa lori, mteja wa miaka na miaka, alikuwa anaingiza kichwa jikoni na kusema, "Mzee, siku hizi umekuja na mkono mwingine kabisa! Unatuficha nini?" Mvuke alirudi nyumbani akitembea kifua mbele. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Ng'ombe hazeeki maini. Sina pua, na bado nawashinda wenye pua."

Siku sufuria ilipoungua, shemeji yake hakuwepo. Bintiye alikuwa ameshikwa na uchungu, naye alikwenda naye hospitali.

Kesho yake asubuhi Bhai aliwaita wote wawili stoo, katikati ya magunia ya mchele. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile homa," Mvuke alisema.

"Na aliyekuwa anapika muda wote huu ni nani?"

"Yeye," Mama Vitunguu alijibu haraka.

"Mama, mimi nimelelewa kwenye jiko hili. Nami ninayo pua."

Mama Vitunguu alianza kuvuta uzi uliochomoza kwenye gunia. "Anapika yeye," alisema. "Mimi narekebisha."

Mvuke alimgeukia. "Unarekebisha nini?"

"Shemeji..."

"Nakuuliza. Unarekebisha nini?"

"Viungo. Ulikuwa unazidisha pilipili, kwa sababu ndiyo pekee uliyokuwa unaisikia. Na iliki ulikuwa unaisahau. Ukishatoka kwenda kuwasalimia wateja, kabla wali haujapangwa juu ya nyama, mimi naonja. Naongeza hiki, napunguza kile. Mara nyingine..." Akaukata ule uzi wa gunia. "Mara nyingine namwaga rojo lote naanza upya."

Mvuke alijiona akipita kati ya meza, siku baada ya siku, akipokea mikono ya watu, akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kusifiwa. Na nyuma ya ukuta, mtu anamwaga alichopika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje?" sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulikuwa unarudi jikoni umefurahi."

Bhai alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Alisema amelala akiwaza na ameamka akiwaza. Mama Vitunguu atashika jiko. Mvuke hatafukuzwa, la hasha, mtu aliyemlea haendi barabarani. Atavaa koti jeupe na kukaa ukumbini, kwenye meza ya mbele, mahali anapoonekana. Asalimie watu, ale, acheke nao.

"Jina liko ukutani," Bhai alisema. "Watu wanakuja kwa jina."

"Na mimi?" Mama Vitunguu aliuliza. "Watu wataambiwa anapika nani?"

"Kwani lazima waambiwe, mama? Biriani si ni ileile?"

Yule mama akamtazama shemeji yake. Alimtazama kama mtu anayemshikia mwenzake mlango, akimngoja apite. Neno moja la Mvuke lingetosha. Hata "Bhai, si haki" lingetosha. Lakini Mvuke alikuwa anaangalia viganja vyake vyenye malengelenge, na donda lililokuwa ndani yake halikutaka mwenzi wa kuugua naye, lilitaka mtu wa kumuuma.

"Koti liwe la saizi yangu," alisema.

Basi mchana ule aliketi. Maisha yake yote hakuwahi kula kwenye ukumbi ule. Alikuwa akila amesimama jikoni, juu ya mfuniko wa sufuria. Sasa aliwekewa sahani ya udongo, kachumbari pembeni, na kijiko alichofutiwa mbele ya macho yake. Wali ulikuwa umeachana punje kwa punje, njano imekaa mahali pa njano na nyeupe mahali pa nyeupe. Alitia tonge mdomoni. Lilikuwa la moto. Lilikuwa laini. Chumvi ilikuwepo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, kama kuita jina kwenye nyumba iliyohamwa.

Watu waliokuwa kwenye meza ya pili walifumba macho wakitafuna. Aliwachukia.

"Ndiye huyu!" Dereva wa lori alikuwa ameingia, amemshika mkono kijana aliyevaa suti iliyombana. "Mkwe wangu huyu, mzee. Kaposa juzi. Nimemwambia huwezi kuingia kwenye ukoo wetu kabla hujala kwa Mvuke." Akamsogelea, akapunguza sauti. "Nasikia jana mlipata ajali kidogo. Leo umepika mwenyewe?"

Kwenye dirisha dogo la kutolea chakula, Mama Vitunguu alikuwa amesimama na sahani mbili. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kilemba. Alikuwa amesikia swali, hilo Mvuke aliliona, kwa sababu sahani zilikuwa zimesimama hewani.

Mvuke alimeza tonge lisilo na ladha.

"Nani mwingine?" alisema. Akainua mkono wa kulia, akaonyesha kiganja kilichoungua. "Ni mkono huu huu."

"Si nilikwambia!" dereva alimpiga mkwewe bega. Kijana akaupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote, akaubana. Malengelenge yakapasuka. Mvuke alitabasamu mpaka meno ya mwisho.

Alipotazama tena dirishani, uso haukuwepo. Mvuke mzito ulikuwa umefunika jiko. Kilichoonekana ni mikono miwili tu, ikisukuma sahani mbele, inarudi ndani, inasukuma nyingine, na watu wakizipokea bila kuinama kuangalia mikono hiyo ni ya nani.