Diski ya Pili

Mimi Wakoli nilikuwa karani wa kanjo, baraza la jiji la Nairobi, na mwaka 1996 hakuna mtu mtaani Jericho aliyeijua kompyuta kunishinda. Ndivyo nilivyojiambia, na ndivyo nilivyowaambia wenzangu wa chama cha mazishi.

Chama chetu kilikuwa na kazi moja: mtu wetu akifia Nairobi, afikishwe kwao. Mama Nabalayo, katibu, aliweka kadi za wanachama: jina, ukoo, kijiji, na mtu wa kuulizwa ukifika sokoni. Nilipoleta kompyuta kuukuu na kuziingiza kadi zote, nikamwambia aache kuandika.

"Mama, mambo ya kalamu yamepitwa na wakati."

Alinitazama, akafunika kalamu yake.

Mashine ilikwenda mwendo wa kobe. Ukitafuta jina moja, unaweza kunywa chai ukamaliza. Kila jina liliandikwa mara mbili, kwenye diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Watu wakaanza kunicheka, nami sipendi kuchekwa. Nikaifuta diski ya pili, nikaipa kazi ya kuharakisha utafutaji tu. Siku ya mkutano nikabonyeza, jina likatokea kufumba na kufumbua. Walinipigia makofi, na nakiri nilivimba kichwa.

Austine, fundi wa magari kutoka Kariobangi, hakupiga makofi. Alitega sikio kwenye mashine.

"Buda, hii kitu inagonga. Kwa gari hiyo ni beringi imeisha. Inakufa hiyo."

"Hii si Datsun, Austine," nikamjibu, watu wakaangua kicheko.

Miezi miwili baadaye Opicho, kibarua aliyejiunga nasi karibuni na asiye na ndugu mjini, aligongwa na gari Barabara ya Jogoo, akafa. Mifuko yake ilikuwa imeshapekuliwa. Hata kitambulisho hakikuonekana. Wanachama wakaja kwangu waambiwe kwao Opicho ni wapi. Nikawasha mashine. Ka, ka, ka, kisha kimya: diski iliyobaki na majina ilikuwa imekufa. Waliokuwa kwenye kadi za Nabalayo walikuwa salama. Opicho alijiunga kalamu ikiwa imeshafunikwa, hakuwa na kadi.

"Ni stima," nikasema, nikiusingizia umeme. "Jana ilipotea, ikarudi na nguvu."

Austine akaigusa mashine, akatikisa kichwa. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, lakini uongo nikaurudia.

Tulitangaza redioni, tukauliza watu wa miji ya kwetu, wa Kimilili na wa Webuye. Majuma matatu yakapita, mochari wakatuambia basi, hawamweki tena. Tukamzika makaburi ya Lang'ata, huku huku Nairobi, bila mtu wa kwao hata mmoja wa kumtupia udongo. Nilisimama nyuma ya watu wote, natamani ardhi inimeze.

Mwezi uliofuata Nabalayo alibisha mlangoni kwangu akiwa na bibi mmoja mwenye viatu vya vumbi. Alikuwa mama yake Opicho. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia kwa kuzungukazunguka, mdomo kwa mdomo, kutokana na tangazo la redio. Nikampa kiti, nikamwambia karibu, mayi, yaani mama kwa lugha ya kwetu, nikakosa pa kuweka macho.

"Mwanangu aliniandikia," akasema. "Alisema nisiogope, hata akifia huku, kuna mtu ameandika kijiji chetu. Ni wewe?"

Nabalayo akanigeukia, akiningoja.

"Ni mimi, mayi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumwandika mwanawe. Nami nikamwacha anishukuru.