Kofia Nyekundu Ndani ya Matanga

Doa jekundu nililiona kabla hajasema neno. Kwenye kitambaa chake cha kuchorea, mchoraji alikuwa amekwisha kunichora nimesimama kando ya gari la farasi, na kichwani amenipaka nyekundu. Mimi nilikuwa nimevaa kofia nyeusi. Mama alikuwa amezikwa juzijuzi tu.

"Nyeusi inaua picha," akasema Bwana Volkening. "Wasichana wa hapa si huvaa nyekundu?"

"Huvaa, bwana, wasioolewa. Ila tuna matanga."

"Huko mjini nani atajua?"

Alikuwa mgeni wetu, na alikuwa amemwahidi Baba kwamba uso wake utatundikwa ukutani mjini Kassel. Baba akanikazia macho. "Annels, usinitie aibu. Vaa."

Nikavaa ile yangu nyekundu. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja kumuaga dada yangu Marlies, aliyekuwa anakwenda Bremen kupanda meli ya Amerika, na wote wakaniona. Shangazi Gela akapaza sauti, "Haya, bibi harusi! Udongo wa mama yako haujakauka, wewe unatafuta mume?"

Wakacheka. Mchoraji akatupanga: Marlies garini, Baba na furushi la soseji, mimi chini nimeinua mkono.

"Hivyo hivyo! Asitikisike mtu."

Akachora, akafuta, akachora.

"Bwana, niache nishuke nimkumbatie mdogo wangu," Marlies akasema.

"Bado kidogo, binti."

Mkono wangu ukafa ganzi. Mwishowe Henner, mwendesha gari, akatema mate. "Farasi wangu si wa picha! Meli itamngoja nani?" Akapiga mjeledi.

Marlies akaninyooshea mikono. Nikakimbia. Bwana Volkening akanidaka begani.

"Hapana, rudi pale! Machozi hayo hayo, usiyafute!"

Nilipojinasua, gari lilikuwa limeshapinda nyuma ya kinu cha kusagia nafaka. Nilisikia Marlies akiniita mara moja, kisha magurudumu tu.

Niliivua ile kofia nikaikanyaga matopeni. Baba akanizaba kofi mbele ya watu. Mchoraji akacheka, "Kumbe ana moto, huyu!" Nikainama kama kawaida yangu, nikaingia ndani.

Nasikia watu wa Kassel huitazama picha ile wakasema, tazama walivyoagana vizuri.

Hatukuagana. Toa mkono wako begani kwangu, Bwana Volkening. Yule ni dada yangu.