Breki za Pak Tukijan

Hapa kwetu Wonosobo, ukimwazima mtu gari lako kuukuu, humpi ufunguo tu ukaenda zako. Unampa na tabia zake. Gari la miaka thelathini lina tabia kuliko mke wa pili, na mwenyewe ndiye anayezijua. Basi asubuhi ile Pak Tukijan, Pak kwetu ni kama Bwana, alisimama uani, sarongi kiunoni, akimweleza mkwewe Prayoga tabia za Si Ijo. Ndivyo alivyoliita gari lake, yaani Kijani, ingawa rangi ile ilishapauka zamani.

"Mlango huu wa kushoto haufunguki kwa ndani. Mtu ashuke azunguke, aufungue kwa nje."

"Sawa, Baba."

"Dirisha la nyuma likikwama, weka kiganja kwenye kioo, sukuma juu. Usilipige, lina heshima zake. Gia ya pili usiilazimishe. Ipumzishe kwanza hapa katikati, kama unambembeleza mtoto, kisha ndiyo uiingize. Geji ya mafuta ni mwongo mkubwa, usimwamini."

Prayoga aliitikia kila neno kwa kichwa, mikono ameikunja mbele. Kijana mwenye adabu huyu, adabu mpaka inachosha. Mwaka wa pili sasa tangu amwoe Ratri, binti wa pekee wa Pak Tukijan, na bado hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni zaidi ya mara moja kwa siku.

Gari liliombwa na baba yake Prayoga, Pak Sudiro, aliyekuja jana yake na sinia la jenang, halua yetu ya mchele. Mpwa wake anaoa huko juu Batur, basi la kukodi limejaa, wazee watapanda nini? Mtu akikujia na sinia na uso wa ukwe, utamwambia hapana? Kwetu hapana haisemwi. Husemwa "tutaona", na mwenye akili akaelewa. Lakini Pak Tukijan hata "tutaona" hakuisema. Alisema, "Lichukueni, ni lenu."

Sasa Pak Sudiro na ndugu zake walikuwa uani wamevaa batiki zao, wanavuta sigara za karafuu na kusikiliza. Prayoga akauliza swali la mwisho.

"Na breki, Baba?"

Nataka mlishike swali hilo. Kijana aliuliza. Asije mtu baadaye akasema hakuuliza.

Kabla Pak Tukijan hajafungua kinywa, Pak Sudiro aliangua kicheko. "We mtoto! Breki za Pak Tukijan? Utamuuliza imamu kama ana udhu?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na moshi. Pak Tukijan naye akacheka. "Teremka polepole tu," alisema. Basi. Hayo ndiyo yote aliyosema.

Maana breki zilikuwa na lao jambo. Miezi miwili nyuma, gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuvuja mafuta ya breki. Fundi Jumari, mwenye gereji karibu na soko la mboga, alilala chini ya gari, akatoka anafuta mikono. Kipuri hakikuwepo. Akachukua koleo, akalikunja bomba dogo linalopeleka mafuta kwenye gurudumu lile, akalibana mpaka likaziba. "Hii ni ya kukufikisha nyumbani tu, Pak," alisema. "Sasa unasimama kwa magurudumu matatu. Mlimani usiende nalo, nakuomba. Wiki ijayo kipuri kikija, nilete nikufungie."

Kipuri kilikuja. Jumari akapeleka salamu, mara moja, mara mbili. Pak Tukijan akasema kesho. Haikuwa shida ya fedha. Gari lilikuwa likisimama vizuri kwenda sokoni na msikitini, na yeye alikuwa na lingine moyoni. Kwenye kundi la simu la wenye magari ya zamani, kundi la watu mia kadhaa wasiojuana sura, yeye ndiye Mbah Oli, Babu Oili. Huko hujibu maswali ya wenye magari. Mbona injini inakohoa? Mbona usukani unavuta kulia? Mbah Oli hujibu, watu wakashukuru. Na mwezi ule ule, bwana mmoja alipoandika kwamba amebana bomba la breki, Mbah Oli alimshambulia mbele ya kundi zima: "Anayebana bomba la breki anachimba kaburi na hajui nani atalala." Watu walilipenda neno hilo wakalisambaza. Sasa mwenye neno lile aonekane gereji akifunguliwa bomba lililobanwa? Na Jumari naye yumo kundini, na anajua Mbah Oli ni nani. Basi kesho ikawa kesho.

Nyumbani ni mkewe tu, Bu Painah, aliyejua kwamba Mbah Oli ni yeye. Prayoga hakujua. Aliingia kundini juzi juzi, akimwambia mkewe kwamba humo yumo mzee mmoja anajua magari kuliko walioyaunda.

Si Ijo lilitoka uani limejaa wazee. Pak Tukijan alikwenda kisimani kunawa, akijiambia magurudumu matatu si haba, kijana ni mpole, watafika. Mlima wenyewe ni kupanda kwanza. Kurudi watateremka polepole. Alijiambia hivyo mpaka akaamini, na akala tempe yake, soya ya kukaanga, kwa hamu kabisa.

Adhuhuri, akimalizia tempe iliyobaki, aliisikia simu ya Ratri ikilia chumbani, haipokelewi.

"Ratri! Simu yako!"

"Ameisahau kwenye chaji," Bu Painah alijibu kutoka jikoni.

"Yuko wapi kwani?"

"Si amekwenda nao? Ulikuwa kisimani. Nimemwambia mwanangu, mimba ya miezi saba hiyo, baki. Akasema, Mama, gari la Baba si basi, nitakaa raha tu. Amebanana nyuma dirishani na mama mkwe wake."

Pak Tukijan alisimama. Bu Painah alimwona amesimama tu, na kipande cha tempe mkononi.

"Baba Ratri? Una nini?"

"Sina kitu."

Enhe. Hapo ndipo gari lilipoharibika! Walipokuwa wazee wa watu, lilikuwa gari zima la magurudumu matatu. Alipoingia wa kwake, likawa jeneza. Simlaumu kwa kumpenda mwanawe, ila nasema ilivyokuwa. Akampigia Prayoga. Haipatikani. Huko juu Batur mawimbi ya simu ni ya kubahatisha. Akapiga tena na tena, kisha akachukua pikipiki ya jirani bila hata kuaga, akaupanda mlima.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya kabichi. Pak Tukijan aliendesha kwa meno yaliyokazwa, baridi inampenya kwenye sarongi ambayo hakukumbuka kuibadilisha. Alijiambia, nikifika, nitasema kila kitu. Nitasema mbele ya maharusi. Waache wanicheke mpaka wachoke. Na nadhani alikuwa mkweli wakati ule.

Kwenye kona kubwa, penye kibanda cha chai na ukuta wa mawe, simu ilianza kutikisika mfukoni. Mawimbi yamepatikana. Akasimama, akapiga. Safari hii iliita. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu ilikatwa. Ilikatwa na mtu!

Hakuelewa. Ndipo alipoona kwamba kundi la wenye magari linachemka, na jina lililoandika ni Prayoga.

"Wakubwa, naomba msaada," aliandika. "Nipo juu Batur, tunajiandaa kurudi. Pedali ya breki inazama mpaka chini. Asubuhi ilikuwa nzuri. Garini nimebeba watu. Nifanye nini?"

"Ongeza mafuta ya breki, kijana," mmoja alimjibu.

"Ongeza na sala," aliandika mwingine, na vicheko vikafuata.

"Muulize mwenye gari. Gari la kuazima lina siri."

Na Prayoga akajibu: "Ni la baba mkwe, Pak. Naona haya. Gari lake analitunza kama mboni ya jicho, atajua nimemharibia. Hata sasa ananipigia, sijui nani amemwambia. Sipokei. Nitamwambia nini? Nilirudishe kwanza, nimpigie magoti nyumbani. Mbah Oli yuko wapi? Mbah, nisaidie."

"Mbah amelala," aliandika mtu. "Wazee hao."

Kisha Prayoga tena: "Nimeongeza mafuta. Pedali imepanda. Asanteni wakubwa, tunashuka."

Ujumbe huo wa mwisho haukuwa wa zamani. Pak Tukijan aliandika kwa vidole vilivyokufa ganzi: *Simama, gari hilo bomba lake limebanwa, ni mimi* na hapo vidole vikasita. Jumari yumo. Watu mia kadhaa wamo. Akafuta. Naapa, akafuta! Mtoto wake yuko mlimani, na yeye anachagua maneno. Akaandika upya: *Kijana, mimi Mbah Oli. Simama hapo hapo, usiteremke hata hatua moja.* Akatuma. Alama moja ilitokea pembeni, alama ya kwamba umeondoka. Ya pili, ya kwamba umefika, haikuja.

Kilichokuja ni honi.

Honi ya Si Ijo aliijua. Ilikuwa na mkwaruzo, mbuzi mwenye mafua, watoto wa mtaani huiigiza. Ilitoka juu kwenye ukungu, haikatiki, inakaribia. Mwenye kibanda aliacha birika akatoka nje. Harufu ikatangulia, harufu ya breki zilizoungua.

Likatokea. Prayoga alikuwa ameng'ang'ania gia, anajaribu kuiingiza ya pili kwa nguvu, vile hasa alivyokatazwa. Lilipita mbele ya Pak Tukijan karibu kiasi cha kuligusa. Nyuma, dirishani, alimwona Ratri. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, anakisukuma juu, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Hakumwona baba yake. Kisha ukuta wa mawe ukapasuka.

Waliokaa upande wa mbele, na mama mkwe wa Ratri pia, waliumia, wakapona. Pak Sudiro, aliyekaa nyuma, alifia palepale, yeye na utani wake. Ratri walimtoa kwenye mlango wa kushoto, ule usiofunguka kwa ndani. Ilibidi mtu azunguke aufungue kwa nje, na aliyeufungua ni baba yake. Mwili wa Ratri ulikuwa bado una joto. Hospitali walijaribu kumwokoa mtoto tumboni, hawakuweza.

Askari aliandika kwamba dereva hakuteremka kwa gia ndogo, breki zikapata moto. Prayoga alitia saini bila kubisha. Gari lilikuwa limekunjika vibaya, hakuna aliyelala chini yake kutazama bomba.

Hakuna ila mmoja aliyejua bila kulitazama. Fundi Jumari alikuja mazikoni na shati lake safi. Alimshika mkono Pak Tukijan, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, akamtazama. Pak Tukijan aliangalia chini. "Poleni sana, Pak," Jumari alisema, akaenda kukaa na wengine. Utamwambia nini mzee aliyefiwa, mbele ya watu? Naye ni mtu wa hapa hapa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wapi! Kifo kilikuja, kikachukua, kikaondoka, na hakikumuumbua mtu. Kundini watu walikuwa bado wanamuuliza Mbah Oli: yule kijana kosa lake lilikuwa lipi, tujifunze? Simu ilitikisika siku nzima chini ya mto wa kulalia.

Alasiri, baada ya maziko, Prayoga aliletwa na ndugu zake. Alikuwa na magongo, kichwa kimefungwa bandeji. Alimzika mkewe na baba yake siku moja, na bado alipofika kizingitini alivua kiatu cha mguu mzima kwa adabu. Wakamsaidia kushuka sakafuni. Alitambaa kwenye mkeka, mguu wenye plasta ukiburuzika nyuma, mpaka kwenye magoti ya Pak Tukijan, akaweka paji la uso juu yake.

"Baba," alisema. "Uliniambia niteremke polepole. Ulinipigia simu, sikupokea. Niliona haya. Nimekuulia mwanao, Baba. Nimekuulia na mjukuu. Siombi kuishi vizuri tena, naomba neno lako tu."

Bu Painah alikuwa amejiegemeza ukutani, kitambaa mdomoni, akimtazama mumewe. Jumari alikuwa karibu na mlango, kofia mikononi.

Pak Tukijan alifungua kinywa. Lilikuwa pale, neno lenyewe, limekaa ulimini. Nadhani hata Jumari aliliona. Lakini walikuwepo ndugu zake Sudiro, na majirani, na imamu, na wote walikuwa wakimtazama kwa huruma na heshima, na heshima hiyo alikuwa ameizoea.

Akamwekea kijana mkono kichwani, juu ya bandeji.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema.

Wanawake waliangua kilio, na imamu alitikisa kichwa akasema hajapata kuona moyo mwema kama huo.