Swali la Ishirini na Tatu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Maharage, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka kumi na tisa, kila darasa la sayansi lililopita mikononi mwake lilipanda maharage kwenye gilasi zenye pamba mbichi, likayachungulia kila asubuhi na kuandika daftarini kilichotokea. Mfagizi wa shule alishazoea kufuta vumbi kwa kuzungukazunguka gilasi za dirishani.

Ofisi ya mitihani ilipomwita akatunge maswali ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Watunzi walifungiwa hosteli wiki nzima, simu zao zikakusanywa kwenye ndoo, wakaapishwa wasimwambie mtu hata rangi ya karatasi. Yeye alitunga maswali sita. Moja alilifanya jepesi kwa makusudi, kusudi kila mtoto aliyewahi kuangalia mbegu ikiota apate pa kupumulia. Mbegu ikiota, kitu gani huchomoza kwanza? A, jani. B, shina. C, mzizi. D, ua.

Kilichofuata alikuja kukijua baadaye sana. Mpiga chapa aliona jibu C limefuatana mara tano, akaambiwa achanganye. Akachanganya. Mzizi ukahamia B, ua likapewa C. Karatasi ya majibu ilikuwa imefungiwa kwenye kabati lingine, ufunguo uko kwa mtu mwingine aliyekuwa likizo, kwa hiyo yenyewe haikuambiwa kitu.

Maswali yalilazwa miaka miwili kabla ya kutumika. Mwaka yalipotoka, aliyekuwa anafanya mtihani kutoka nyumbani kwake ni binti wa dada yake, aliyeishi naye kwa sababu dada alikuwa na kazi ya mbali. Mtoto huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alirudi siku ile akasema karatasi ya sayansi haikuwa mbaya, na lile swali la mbegu lilikuwa rahisi mpaka likamtia wasiwasi. Mwalimu Maharage akainama kuchambua mchele, uso usije ukamsaliti.

Matokeo yalipotoka, Chiriku alikuwa amekosa alama moja tu kuingia shule ile kubwa ya bweni ambayo kila mzazi aliitaja kwa sauti ya chini. Alipangiwa shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani, yenye madirisha bila vioo. Mama yake alilia kwenye simu. Chiriku mwenyewe alinyamaza siku mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ajifunze kusema.

Wiki ya tatu kikaja shuleni kijitabu cha uchambuzi wa matokeo. Mwalimu Maharage alikifungua akiwa chumba cha walimu, chai mkononi. Swali la ishirini na tatu: jibu sahihi ni C, ua. Waliopata ni asilimia tisa. Maoni ya wataalamu: swali bora kuliko yote mwaka huu, kwa kuwa linawatenganisha vizuri wanaojua na wasiojua. Akaweka kikombe chini, akasoma tena, akaita mwenzake wa hesabu amsomee, isije ikawa ni macho yake.

Ukurasa uliofuata ulipongeza shule moja ambayo watahiniwa wake wote, bila kubaki hata mmoja, walilipata swali hilo. Shule hiyo haikuwa na mwalimu wa sayansi tangu mwanzo wa mwaka. Mwalimu mkuu wake aliwaambia watoto kwamba popote watakapokwama waweke C, na kwenye sayansi walikwama kila mahali. Ilipewa kombe, na mwalimu mkuu alikuwa anazungushwa kwenye semina kufundisha wenzake mbinu zake.

Mwalimu Maharage aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda ofisi ya mitihani. Kwenye dirisha la mapokezi walimuuliza anajuaje kama swali limekosewa. Akasema yeye ndiye aliyelitunga. Wakamjibu kwamba majina ya watunzi ni siri, kwa hiyo hawawezi kukubali kuwa ni yeye, na kama kweli ni yeye basi amevunja kiapo sasa hivi, hapo hapo dirishani. Alikaa kwenye benchi mpaka mchana, ndipo akaitwa na mkuu wa takwimu.

Alikuwa mzee kidogo, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia, huku akichezea kalamu, kwamba anaelewa, na kwamba yeye mwenyewe amekulia shambani.

"Basi unajua ua halitangulii," Mwalimu Maharage akasema.

"Najua, mwalimu. Lakini watahiniwa ni laki sita. Nikiligusa swali hili, laki sita wote wanapangwa upya, na mabweni yameshajaa. Sasa niambie wewe, kipi chepesi kubadilisha, ua moja au mabweni mia tatu?"

Mzee akaendelea, na hapa sauti yake ilibadilika. Alisema baba yake alikuwa dobi. Mwaka aliomaliza shule ya msingi, mtoto wa dobi na mtoto wa mkubwa wa mji walikaa chumba kimoja, wakapewa karatasi moja, na karatasi haikumuuliza yeyote baba yake nani. Bila mtihani, alisema, nafasi zingegawiwa kwa simu. Mwalimu Maharage alijikuta anatikisa kichwa kukubali, maana mama yake yeye alifagia barabara, na ni karatasi kama hiyo iliyomtoa.

"Ndiyo maana nimekuja, mzee wangu," akasema. "Hiyo karatasi naipenda kuliko unavyodhani."

Kabla hajaondoka alitoa kwenye mkoba gilasi yenye pamba na maharage matatu, akaiweka dirishani kwake. Alimwomba ainyunyizie maji tu, basi.

Siku ya tano simu ililia. Mzee alisalimia, akauliza habari za nyumbani na za kazi, akakohoa.

"Mwalimu, kimetoka."

"Kimetoka nini?"

"Mzizi. Yote matatu." Akashusha sauti. "Nimempelekea mkurugenzi gilasi yenyewe. Kasema mbegu tatu ni sampuli ndogo sana."

Mwezi uliofuata ulikuja waraka wa ufafanuzi, wenye mhuri na sahihi mbili. Ulisema kwa madhumuni ya mitihani ya taifa, ua litahesabika kuwa limetangulia. Kitabu kipya cha sayansi kilitoka na picha ya rangi: harage, na juu yake ua zuri la zambarau, mzizi haupo. Walimu waliagizwa wabandike picha hiyo ukutani. Mwalimu Maharage aliibandika, nyuma ya mlango, na mlango huo hakuufunga kamwe saa za kazi. Wanafunzi wake aliwaambia wazi kwamba kwenye gilasi waandike wanachokiona, na kwenye mtihani waandike wanachotakiwa, na atakayevichanganya ataonana naye.

Chiriku akaanza shule ya kutwa akiwa amekunja uso. Wiki ya pili uso ulikunjuka. Alirudi mbio, akamkuta mama yake mdogo uani anaanika nguo, akamwambia kwamba darasani wako sabini na wawili, na wengi waliachwa na shule kubwa kwa alama moja tu.

"Wewe umejuaje?"

"Tuliulizana, mama mdogo. Wote tuliandika mzizi."

Mwalimu Maharage aliiacha shuka ikining'inia upande mmoja, akacheka mpaka akashika kamba.

Mwisho wa muhula wa kwanza, shule kubwa ya bweni iliwahamisha walimu wanne kwa kushusha kiwango cha watoto bora wa taifa. Huku shule ya kutwa, mwalimu wa bayolojia, mtu aliyekuwa akiingia darasani kwa miaka na daftari moja la manjano, alianza kuonekana maktaba wakati wa chai, miwani puani, akisoma somo la kesho. Mwenzake alipomuuliza kulikoni, alisema watoto wa mwaka huu si wa kawaida. Ukiwaambia kitu, wanataka wakione.

Chiriku alipomsimulia hilo, Mwalimu Maharage alimwambia amsalimie sana mwalimu wake, na kama ana shida ya gilasi, asione haya kusema.