Sekunde Kumi na Tano za Ansbert

Kwa taadhima kuu nautangazia ulimwengu kwamba mimi, Muntasir, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huku Chamazi, nimethibitisha kwamba joto huharakisha mmenyuko wa kemikali. Nilithibitisha kwa chupa ya mtu mwingine, bila yeye kujua.

Mtu huyo ni Ansbert, jirani yangu wa meza. Anataka kusomea famasia, na anayefeli mtihani wa vitendo wa Machi hutolewa mchepuo wa sayansi. Katika mtihani huo unachora X kwenye karatasi, unaweka bika juu yake, unachanganya thiosalfeti na asidi, kisha unahesabu sekunde mpaka ukungu wa salfa uifiche ile X. Unaanza na joto la chumba, halafu unarudia kwa nyuzi arobaini. Vipimajoto ni viwili shule nzima, kwa hiyo joto la chumba hatulipimi. Madam Kokushubila, mwalimu wetu wa kemia, huandika ubaoni "30", nasi tunanakili.

Siku ya mtihani, saa ya chai, niliizamisha chupa ya thiosalfeti ya Ansbert kwenye jagi la maji ya moto.

"Mbona ina joto?" aliniuliza mtihani ulipoanza.

"Joto la bati hilo juu, braza. Mwezi wa tatu huu."

X yake ilipotea kwa sekunde kumi na tano. Sie wengine tulipata arobaini. Kufikia zamu ya pili chupa ilishapoa. Akaipasha vizuri hadi nyuzi arobaini, akapata sekunde ishirini. Mwingine angechungulia na kudesa namba zangu. Ansbert aliandika alichokiona: joto hupunguza kasi. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi.

Kesho yake Madam alimsimamisha mbele ya darasa.

"Namba za kubuni. Nakufutia mtihani mzima."

"Sijabuni, Madam," alisema taratibu. "Ndivyo nilivyoona."

Akamnyooshea daftari lake. Hapo kicheko kilinikauka.

Madam alilichukua, akalisoma tena. "Au jua liliipiga chupa yako, ikafika thelathini na tano?"

"Thelathini na tano haiwezi kuleta sekunde kumi na tano, Madam," nikamsahihisha, kama profesa. "Ile ilikuwa arobaini na tano."

Darasa zima likageuka.

"Muntasir," alisema Madam. "Uliipima saa ngapi?"

Nikasimama.

"Saa ya chai, Madam. Mie ndiye niliyeipasha. Ansbert hajadanganya hata namba moja. Tuliodanganya ni mimi na ubao."